Zawadi ya laki tatu, mtoto kachagua boksi!

  

Wiki hii nimepata meseji kutoka kwa dada mmoja wa Mwananyamala. Jina lake nalihifadhi, maana huenda bosi wake naye ni msomaji wa ukurasa huu. Anasema amealikwa kwenye bethidei ya mtoto wa huyo bosi, anatimiza mwaka mmoja Jumamosi ya wiki ijayo. Mfukoni ana elfu ishirini tu, na pale ofisini wenzake wameshaanza kutambiana, huyu anasema atanunua hiki, yule anasema hicho cha kitoto, yeye atanunua kile. Swali lake fupi: "Kaka, ninunue nini nisiaibike?"

Dada yangu, umemuuliza mtu mwenye donda. Kaa kitako nikusimulie ya kwangu kwanza, halafu hiyo elfu ishirini yako tutaitafutia kazi.

Mwaka jana dada yangu wa kuzaliwa, yule ninayemfuata, alitangaza kwenye grupu la WhatsApp la familia kwamba mwanawe anatimiza mwaka. Huyo mtoto mimi namwita Kibonge, na ukimuona hutauliza kwa nini. Basi tangazo likaja na masharti: wanawake kitenge cha njano, wanaume shati jeupe, shughuli inafanyika uani kwao Tabata, kuna turubai, kuna viti vya kukodi, kuna muziki na MC. Nikasema moyoni, kumbe siku hizi mwaka mmoja ni harusi ndogo! Sisi wengine mwaka wetu wa kwanza hata picha hatuna.

Sasa elewa hali yangu. Mimi ndiye mjomba pekee, na kwetu mjomba si mtu wa kuingia na pakiti ya biskuti chini ya kwapa. Na upande wa pili yuko baba mdogo wa mtoto, mdogo wake shemeji. Jamaa ana kazi yake nzuri, mshiko haumpigi chenga, na anapenda kuonekana kuliko taa za barabarani. Nilijua kabisa MC atataja zawadi moja moja kwenye maiki. We fikiria mwenyewe: "Baba mdogo huyooo, kaja na baiskeli! Na mjomba naye kaja na... soksi!" Si bora ardhi inimeze?

Kwa bahati nilikuwa nimelipwa ova taimu ya miezi miwili. Nikajikoki nikatinga Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kama unaujua mtaa ule hasa mwisho wa mwezi, unajua mtu huendi, unapelekwa. Huku mtu anakuvuta mkono na jinzi, huku kuna sufuria, huku vipodozi, huku mkokoteni unataka kukukanyaga vidole. Nikazama duka moja la vitu vya watoto, macho yakatua kwenye gari. Bwana wee, gari! Jekundu, la kuchaji, mtoto anakaa ndani, lina taa, lina honi, lina muziki, na mzazi analiendesha kwa rimoti. Jamaa akataka laki tatu na nusu. Tukavutana, mate yakatukauka wote wawili, tukatua kwenye laki tatu kamili.

Wakati ananifungia lile boksi akaona nimeumia, akanihurumia. Akachomoa kwenye kabati kisimu cha plastiki, ukibonyeza kinaimba na kuwaka taa. "Hicho nyongeza, bosi wangu, cha bure, cha mtoto." Nikatoka kifua mbele, laki tatu imeondoka lakini heshima inakuja.

Hapo nataka uone kitu. Njia nzima, kutoka kupata zile hela mpaka kulipakia lile boksi kwenye bajaji, sikumpigia simu dada yangu hata mara moja kumuuliza mtoto anahitaji nini. Eti nilitaka kumshtukiza.

Siku ikafika. Muda wa zawadi, kama kawaida yetu, watu wanakuja kwa kucheza, mmoja mmoja, MC anapamba. Baba mdogo kaja na baiskeli ya magurudumu matatu, wakampigia vigelegele. Nikangoja kidogo, halafu nikaingia mimi na vijana wawili wamebeba boksi. Uwanja ukalipuka! MC kaimba "mjomba, mjomba" mpaka sauti ikamkauka. Nikamuangalia baba mdogo kwa jicho la pembeni, namwona anatabasamu kwa shida. Kiroho safi nakwambia, siku ile nilikuwa na raha ya kijinga kabisa.

Raha yenyewe haikufika dakika kumi. Tukalitoa gari, tukamkalisha Kibonge ndani, nikabonyeza. Gari likaunguruma, taa zikawaka, honi ikalia. Mtoto akaruka kama kamwagiwa maji ya moto, akamng'ang'ania mama yake shingoni, akalia mpaka akapata kwikwi. Watu wakacheka, MC akageuza utani. Baada ya nusu saa tukajaribu tena, kilio kilekile. Tukasema labda azoee kwanza kuliona linavyotembea, nikaliendesha peke yake kwa rimoti, matairi yakachimba mchanga wa uani likakwama. Ule uwanja wa Tabata ni mchanga mtupu, na mimi hilo nalijua, nimecheza bao pale mara ngapi!

Na Kibonge je? Kibonge alikuwa ndani ya boksi. Anaingia, anatoka. Anatia mfuniko wa sufuria, anautoa. Anapiga boksi kwa mfuniko, anacheka peke yake. Laki tatu imekaa kwenye mchanga, mtoto kachagua karatasi.

Hayo yangeishia hapo ningekuwa nacheka tu. Lakini jioni, watu wameshaanza kupungua, mama yetu mzazi alikuwa amekaa mkekani na mjukuu wake, mimi nipo hatua tatu naongea na simu. Mara nikamsikia mama anasema, "Huyu mbona kanyamaza?" Akamgeuza. Midomoni kulikuwa na kitu kinang'aa. Mama hakupiga kelele, alimminya mashavu taratibu, kile kitu kikadondoka kiganjani kwake. Betri. Zile betri ndogo za duara kama za saa ya mkononi.

Kisimu cha kuimba kilikuwa pale mkekani, mgongo wazi. Kile kimfuniko cha nyuma hakikuwa na hata skrubu, ni cha kubana tu, mtoto kakigonga chini mara mbili kimefunguka. Nafasi za betri zilikuwa tatu. Tukaanza kutafuta kwa tochi za simu, tunapapasa mkeka kama watu waliodondosha pete. Moja tukaiona, ya pili ikaonekana chini ya mto, ya tatu ni ile iliyo mkononi kwa mama. Zimetimia. Dada yangu ndipo alipoanza kulia.

"Nani kaleta hiki kidude?" mama akauliza.

Nikasema ni mimi. Sikuongeza neno, na yeye hakuongeza.

Kuna jirani yao ni muuguzi, alikuwa bado yupo, ndiye aliyetueleza tukaishiwa nguvu. Anasema betri hizi si sawa na shilingi, kwamba mtoto akimeza itatoka tu kwa haja kubwa. Ikikwama kwenye umio, yaani ile njia ya chakula, ikikutana na unyevu umeme wake unaanza kuunguza nyama. Ndani ya saa mbili tu inaweza kuwa imeshaleta madhara makubwa, na hata ile iliyokwisha, ambayo haiwashi tena saa, bado inaweza kuunguza. Ukishuku mtoto kameza usisubiri asubuhi, usimlazimishe kutapika, unakimbia hospitali yenye eksirei, usiku uleule. Usiku ule nililala macho.

Kesho yake nikaliokota pakiti la kile kisimu kwenye takataka, nikalisoma kwa mara ya kwanza. Nyuma kulikuwa na kialama, duara jekundu lenye mstari, ndani uso wa mtoto na namba 0-3. Maana yake hakifai kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Kimechapishwa wazi, wala hakikufichwa. Ni mimi niliyekuwa naangalia gari.

Zikapita wiki mbili, dada akanipigia. Kwa jinsi alivyoanza, "Mdogo wangu, usikasirike," nikajua kuna jambo. Akaniambia wameliuza lile gari. Kumbe turubai, viti, keki na MC, karibu vyote, alivikopea kwenye ile mikopo ya kausha damu, akitegemea watu watatoa bahasha. Watu wakaleta midoli. Siku za marejesho zikawa zinamkimbiza, chumba chenyewe ni kimoja na sebule, gari limeziba njia ya kwenda kitandani na mtoto analiogopa. Wakapata mtu, akachukua kwa laki moja na nusu.

Nilikasirika, sikatai. Wiki nzima sikupokea simu yake, nikiona jina lake naigeuza simu kifudifudi. Nilijiona nimedharauliwa, mimi na ova taimu yangu. Mpaka siku alipokuja mwenyewe geto kwangu, akakaa, akasema: "Ungeniuliza ningekwambia. Mtoto chandarua hana, kile cha kliniki kimechanika, namfunika na khanga." Chandarua, msomaji wangu! Kwa pesa ile ningenunua vyandarua vya nyumba nzima na nauli ikabaki.

Basi dada wa Mwananyamala, sasa tuje kwako.

La kwanza, uliza. Najua mke wa bosi huwezi kumpigia, utaonekana unajipendekeza. Mtafute dada wa kazi wa pale nyumbani. Huyo ndiye anayeshinda na mtoto, anajua anavaa saizi gani, anapenda nini, kipi kinakosekana na vipi viko vitano vitano kabatini. Dakika mbili za simu na dada wa kazi zina faida kuliko kuzunguka Kariakoo siku nzima.

La pili, mjue mtoto wa mwaka mmoja ni nani. Huyu ndio kwanza anasimama, anashika meza, anapiga hatua mbili anakaa. Kila kitu anakijua kwa mdomo. Kazi anayoipenda ni kutia na kutoa, kupanga na kubomoa, kugonga, kusukuma, kutupa umuokotee. Kibonge hakuwa na wazimu kuchagua boksi na mfuniko, alikuwa anafanya kazi ya umri wake! Kwa hiyo mpira mwepesi, mkubwa, unamfaa. Vikombe au bakuli za plastiki zinazoingiana, kubwa kwa ndogo, vinamfaa sana, na havidai chaji. Kindoo chenye mpini, vitofali vikubwa vya mbao au plastiki ngumu, kitabu cha kurasa nene chenye picha za kuku na ng'ombe, vyote vinaingia kwenye elfu ishirini au chini ya hapo, ukijua kuomba kupunguziwa.

Ukitaka kupima kama kitu ni kidogo mno kwa mtoto, chukua kile kiini cha boksi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha. Kitu kikipita mle ndani, basi mtoto wa chini ya miaka mitatu kinaweza kumsakama kooni. Ndiyo maana midoli yenye macho ya vifungo, gololi, na shanga za kudondoka naviondoa kabisa. Karanga nzima na pipi ngumu kwenye kile kimfuko cha zawadi, vilevile. Na yale maputo tunayopamba nayo, yakipasuka okota vipande upesi, maana kile kipande cha mpira ni kibaya sana kooni kwa mtoto. Kitu cha betri kama huna budi, hakikisha mfuniko wake una skrubu.

Nguo nazo zawadi nzuri, ila usinunue ya mwaka mmoja. Nunua ya mwaka mmoja na nusu au miwili, mtoto anaikuta. Wala usione haya kwenda mtumba, Karume pale ukiwahi asubuhi unapata gauni la mtoto ambalo dukani ungeliona kwa dirisha tu. Fua, piga pasi, funga vizuri, atakayekuuliza umenunua wapi mwambie Ulaya, si uongo. Viatu vile vya kulia pwi pwi pwi kila hatua, mimi nawaonea huruma majirani. Na ndani ya nyumba mtoto anayejifunza kutembea bora apekue, anaishika vizuri sakafu.

Kuna vitu viwili vya bei watu wananunua kujionyesha, nasema nikijua nitanuniwa. Cha kwanza ni woka, ile ya duara yenye kiti katikati, mtoto anakaa ananing'inia anasukuma kwa vidole. Mtoto anapata mwendo ambao akili yake bado haina, anafika kwenye ngazi au jiko la mkaa kabla hujanyanyuka kwenye kochi. Kanada walipiga marufuku kuziuza tangu mwaka 2004. Na wala haimfundishi kutembea. Cha pili ni tableti. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema mtoto wa mwaka mmoja haishauriwi kumkalisha mbele ya tivii wala skrini yoyote. Najua, najua, na wewe una kazi jikoni na mtoto analia. Mimi nazungumzia kuigeuza zawadi tu, ya nyumbani kwako siingilii.

Bahasha nayo si dhambi. Kwa mzazi aliyebanwa, elfu kumi ndani ya bahasha ina heshima kuliko mdoli. Kama mna uwezo changishaneni, watu watano wa ofisi moja mnaweza kumfungulia mtoto akaunti benki, mabenki mengi yana akaunti za watoto, ila muongee na mzazi kwanza maana cheti cha kuzaliwa kitaulizwa. Na chandarua, jamani. Nani kasema chandarua chenye dawa si zawadi? Kifunge na utepe mwekundu, MC akitaje kwenye maiki, watu wacheke. Wewe cheka nao.

Huyu dada haya nilishamwambia kwa simu juzi Jumatano, sikungoja gazeti. Akampata dada wa kazi. Kumbe mtoto wa bosi ana midoli ya kujaza kabati, lakini kutwa anamfuata yeye bafuni akachezee ndoo ya kufulia. Mwenzangu kanunua kindoo chenye mfuniko, vikombe saba vinavyoingiana na mpira, kabakiwa na elfu tatu. Kaniuliza kama hizo elfu tatu anitumie, nimemwambia apandie daladala.

Mimi mwenyewe nina shughuli Jumapili hii. Baba mdogo, ndiyo, yuleyule wa baiskeli, naye kapata mtoto, anatimiza mwaka. Safari hii nilimpigia mkewe mapema nikamuuliza. Akacheka sana, akaniambia, "Shem, leta chochote kisichoimba." Nimekwenda Keko kwa mafundi seremala, nimeagiza kile kigari cha mbao cha magurudumu matatu, chenye mpini wa juu, mtoto anasimama nyuma yake anakisukuma mwenyewe. Fundi nimemwambia kitako kiwe kizito kisimkimbie, kona zote azipige msasa mpaka ziwe laini, na misumari izame.

Rangi nimemkataza. Alitaka kupaka nyekundu iwake, nikamwambia mwenye gari lake ataanza kwa kulitafuna, na rangi nyingine zina risasi. Kaniona mshamba. Jumamosi asubuhi nakwenda kukichukua.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.